Mkate wa Bila Kukanda Upo Kila Kona, Lakini Nani Alikuwa Anakanda Miaka Yote Hiyo?

Ukifungua simu leo, hazipiti dakika tano hujakutana nayo. Bakuli, unga, hamira kidogo, maji, mwiko unazungushwa mara chache, mfuniko unawekwa, halafu mtu anaenda zake kulala. Asubuhi anatoa mkate umeumuka vizuri, una matundu ndani, ganda lake likiguswa linalia kacha kacha. Chini ya video watu wanagombana. Mmoja anasema huo sio mkate, mkate lazima ukandwe. Mwingine anamjibu: wewe kakande, sisi tunakula.

Ubishi mtamu. Ila kuna swali ambalo hakuna anayeuliza. Kama mkate "lazima ukandwe", miaka yote hiyo nani alikuwa anakanda? Maana ukiangalia vizuri, anayesema lazima mara nyingi sio mwenye mikono iliyo kwenye unga. Ukifuatilia historia ya mkate kwa jicho hilo, unakuta watu ambao hakuna aliyehangaika kuandika majina yao.

Kabla ya kukanda kulikuwa na kusaga

Mwaka 2018 watafiti walitangaza wamepata mabaki ya mkate yaliyoungua huko kaskazini mashariki mwa Jordan, yenye umri wa zaidi ya miaka 14,000. Kilichowashangaza wengi ni kwamba mkate huo ulichomwa kama miaka 4,000 hivi kabla watu wa eneo lile hawajaanza kulima. Yaani hakuna shamba. Watu waliokota nafaka za porini na mizizi ya mimea ya majini, wakasaga, wakachanganya na maji, wakachoma kitu bapa, fulani hivi kama chapati ngumu.

Nani alisaga? Mkate wenyewe hausemi, ila mifupa ya sehemu nyingine inasema. Huko Syria, kwenye kijiji cha kale cha Abu Hureyra, wataalamu walichunguza mifupa ya watu walioishi pale maelfu ya miaka iliyopita. Wakakuta vidole gumba vya miguu vimeharibika, magoti yamechoka, mgongo wa chini umelika. Ni dalili za mtu aliyepiga magoti kila siku, kwa masaa, akisukuma jiwe juu ya jiwe. Na wengi wenye alama hizo walikuwa wanawake. Kwa hiyo kumbukumbu ya zamani kabisa ya kazi hii haipo kwenye maandishi. Imeandikwa kwenye magoti ya mtu.

Misri: vyungu, miguu na mishahara ya mkate

Tukija Misri, mambo yanakuwa makubwa. Waliojenga mapiramidi walilipwa mkate na pombe. Sasa fikiria maelfu ya watu wanabeba mawe kila siku, mkate wao unatoka wapi? Mwaka 1991 pale Giza wachimbaji walifukua bekari za zama hizo, kama miaka 4,500 iliyopita. Wakakuta vyungu vizito vya udongo, vyenye umbo la kengele, vya kuokea mkate.

Hapa ndipo ubishi wa mitandaoni unapoanza kupata jibu. Picha zilizochorwa kwenye makaburi ya kipindi hicho zinaonyesha vyungu vikipashwa moto kwanza, halafu unga mwepesi unamiminwa ndani. Ndiyo, unamiminwa, kama uji mzito. Kumbe mkate uliowalisha wajenzi wa mapiramidi, walau kwa sehemu, haukuwa donge la kukandwa na kukunjwa.

Sio kwamba Wamisri hawakukanda. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri miaka mingi baadaye, alishangaa kwamba watu wa kule wanakanda unga kwa miguu na udongo kwa mikono. Kwake kilikuwa kichekesho. Kwa aliyekuwa anakanyaga lile donge, ilikuwa njia ya kuutumia uzito wa mwili mzima pale ambapo unga ni mwingi na mikono imechoka.

Roma: jina la tajiri, mikono ya mtumwa

Warumi ndio walioufanya mkate kuwa biashara kubwa mjini. Walikuwa hata na mashine ya kukandia: beseni kubwa la jiwe, katikati mti wenye mikono ya mbao, ukizungushwa unga unavurugika wenyewe. Maendeleo, sio? Tatizo ni anayezungusha. Alikuwa punda, au alikuwa mtu.

Pale Roma, karibu na lango la Porta Maggiore, hadi leo limesimama kaburi la mwenye bekari mmoja aliyetajirika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Juu yake zimechongwa hatua zote za kazi: kusaga, kuchekecha, kukanda, kuingiza tanurini, kupima. Jina la tajiri limeandikwa kwa herufi kubwa. Wale waliochongwa wakikanda, wameinama, wamevaa nguo fupi za kazi, hawana jina hata mmoja.

Na hali yao ilikuwaje? Desemba 2023 wasimamizi wa magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na volkano mwaka 79, walitangaza kufukua bekari iliyokuwa kama gereza. Chumba kimebana, hakuna mlango wa kutokea nje, madirisha madogo yamewekwa nondo za chuma. Sakafuni kuna vishimo vilivyochongwa ili wanyama wazunguke bila kuteleza wala kugongana. Watumwa na punda walifungiwa humo pamoja, nje watu wananunua mkate wa moto.

Kuna mmoja tu aliyeponyoka kwenye usahaulifu huo, tena kwa bahati. Kwenye mji jirani wa Herculaneum ulipatikana mkate mzima uliogeuka mkaa siku ya volkano, ukiwa na muhuri juu yake. Muhuri unasema ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mpaka hapo, kwenye maelfu ya miaka ya mkate, tumepata jina moja la mtumwa. Na ili tulipate ilibidi mlima ulipuke.

London, saa tano usiku

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani sana, enzi za utumwa. Haya, sogea mpaka London ya mwaka 1862. Serikali ya Uingereza ilituma mtu akachunguze maisha ya vibarua wa bekari, na ripoti aliyorudi nayo iliwachefua watu.

Kazi ilianza saa tano usiku. Kibarua anachanganya unga, anakanda donge ambalo uzito wake sio wa kitoto, halafu anajilaza saa moja mbili juu ya ubao uleule wa kukandia, mto wake gunia la unga. Anaamshwa, anaanza tena: kukata, kuviringisha, kuingiza tanurini, kutoa, kisha kubeba mikate kuisambaza mitaani. Wengine walifanya kazi masaa 14 mpaka 20 kwa siku, chini ya ardhi, kwenye joto la kutoa jasho muda wote. Na jasho hilo lilidondokea wapi? Humo humo kwenye donge. Ripoti ilitaja jasho, utando wa buibui, mende waliokufa, na dawa ya shabu iliyochanganywa ili mkate uonekane mweupe. Karl Marx aliitumia ripoti hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1867, na kati ya aliyoyaandika ni kwamba waoka mikate hao ilikuwa nadra kufika umri wa miaka 42.

Mwaka 1863 Bunge likapitisha sheria ya usafi wa bekari. Walaji walishtushwa na mende. Usingizi wa anayekanda ulikuwa ishu ndogo.

Ng'ambo ya bahari, New York, mambo yalifanana. Bekari nyingi zilikuwa kwenye vyumba vya chini vya majengo ya kupanga, hewa hakuna. Mwaka 1895 jimbo likatunga sheria kwamba mwoka mikate asifanye kazi zaidi ya masaa 10 kwa siku na 60 kwa wiki. Mwenye bekari mmoja akapinga, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1905 majaji watano dhidi ya wanne wakasema sheria hiyo inaingilia uhuru wa mtu kupatana kazi. Kesi hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo, na jina linalosomwa ni la mwenye bekari. Kibarua aliyekuwa anakanda usiku kucha hatajwi kwenye kichwa cha kesi.

Ndipo watu wakaanza kutafuta njia ya kukwepa

Ukiona kazi imekuwa mateso hivyo, lazima mtu atafute njia ya mkato. Zilikuja nyingi.

Mwaka 1856 daktari mmoja Uingereza alisajili njia ya kuumua mkate kwa kuingiza gesi kwenye unga kwa mashine. Hakuna hamira, hakuna mkono wa mtu. Kampuni yake ilianza London mwaka 1862, mwaka uleule wa ile ripoti, na usafi ndio uliokuwa tangazo lake. Ireland nako, kwenye karne hiyohiyo, watu wa kawaida walishika magadi ya kuokea na maziwa mgando: unachanganya haraka haraka, unaoka, umemaliza. Ukikanda sana mkate ule unakuwa mgumu.

Baadaye, mwaka 1961, watafiti wa Kiingereza pale Chorleywood walitoa njia iliyobadilisha mkate wa viwandani. Mashine inaupiga unga kwa kasi kali kama dakika tatu tu, na yale masaa ya kusubiri uumuke yanapungua sana. Kutoka unga mpaka mkate, kama masaa matatu na nusu. Slesi nyingi laini unazoziona madukani kwenye nchi mbalimbali zinatokana na njia hiyo au ndugu zake. Hapo mikono ilipumzishwa kwa umeme. Bei yake ni ladha, kwa sababu ladha ya mkate inatengenezwa na muda, na muda ndio uliokatwa.

Njia nyingine ilikuja kwa kusahau. Miaka ya 1940, wakati wa vita, mwanamke wa Kiingereza anayeitwa Doris Grant alikuwa akijifunza kuoka mkate wa unga usiokobolewa. Akaja kugundua kumbe hatua ya kukanda alikuwa hata haifanyi. Na mkate ulikuwa mtamu kuliko ule wa kukanda. Badala ya kuficha kosa, akaliandika kitabuni, na akina mama wengi wakaushika mkate huo.

Halafu Novemba 2006 gazeti la New York Times likaandika kuhusu mwokaji wa New York, Jim Lahey: unga, maji mengi, chumvi, hamira robo kijiko cha chai, acha masaa 12 mpaka 18, oka ndani ya sufuria nzito iliyopashwa moto. Dunia nzima ikachizika. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, njia hiyo ikasambaa upya mpaka hamira ikaadimika madukani kwenye nchi nyingi.

Pwani walishajua zamani

Sasa rudi Zanzibar, Mombasa, Tanga. Mwambie bibi yeyote wa huko kwamba Marekani wamegundua mkate usiokandwa. Atakutazama, atacheka, atarudi kwenye mkate wake wa kumimina.

Mchele unalowekwa, unasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Unaachwa uumuke. Unamiminwa kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Hakuna aliyekanda kitu. Na mchele hauna ule utomvu wa ngano unaovutika, kwa hiyo hata ungekanda mpaka kesho usingepata kitu. Mkate wa ufuta nao, ingawa ni wa ngano, unga wake ni laini sana, unapigwa kwa mkono majimaji, haulazwi mezani ukagandamizwa.

Sogea kidogo Ethiopia ukutane na injera: unga wa tefu na maji, siku kadhaa za kusubiri, kisha unamiminwa kwenye kikaango kipana. Sasa kumbuka vile vyungu vya Giza. Wazo ni lilelile, ukimpa unga maji ya kutosha na muda wa kutosha, kazi ya mikono inapungua.

Tofauti ni moja. Lahey anajulikana, na anastahili, maana alieleza vizuri na hakuficha. Lakini mwanamke wa kwanza Pwani aliyeona uji wake wa mchele umeumuka, akawasha makaa juu na chini badala ya kuumwaga, hana jina. Mapishi yake yamefika kwa mdomo, kutoka kwa mama kwenda kwa mwana, kila nyumba wakisema ni ya bibi yao.

Siri yenyewe ni nini?

Kwenye ngano kuna protini. Zikikutana na maji zinashikana na kutengeneza utando unaovutika, unaoitwa gluteni. Huo ndio unaozuia gesi ya hamira isitoroke. Kukanda kunaziharakisha protini zishikane na kujipanga. Lakini ukiweka maji mengi kidogo na kuacha masaa mengi, zinajipanga zenyewe, na mapovu ya hamira yanasaidia kuzinyoosha.

Kwa maneno mengine, mkate unadai malipo, na unaweza kulipa kwa mikono, kwa mashine, au kwa muda. Roma walilipa kwa mikono ya watumwa. London walilipa kwa usingizi wa vibarua. Chorleywood walilipa kwa umeme. Mkate wa kumimina unalipwa kwa muda, na kati ya malipo yote hayo, ni muda peke yake ambao maskini na tajiri wote wanao wakiwa wamelala.

Kwa anayetaka kujaribu usiku wa leo

Vikombe vitatu vya unga wa ngano, hamira ya chenga robo kijiko cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai na kidogo, maji kikombe kimoja na nusu. Koroga na mwiko mpaka usione unga mkavu. Utaona linanata, limekaa vibaya, usiogope na usiongeze unga. Funika. Kwa baridi ya Arusha au Nairobi linaweza kukaa masaa 12 hadi 18. Kwa joto la Dar au Mombasa linawahi, kwa hiyo angalia donge, usiangalie saa: likishaongezeka kama mara mbili na juu limejaa mapovu, liko tayari.

Nyunyiza unga mezani, likunje mara mbili tatu, liache tena saa moja hivi. Pasha sufuria nzito na mfuniko wake, plastiki isiwepo popote, ndani ya oveni yenye moto mkali, nyuzi 230. Dondosha donge, funika nusu saa, funua dakika 15 hadi 20 mpaka ganda liwe kahawia. Huna oveni? Sufuria nene iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Ganda halitakuwa lilelile, ila mkate utaiva.

Na unayetaka kukanda, kanda. Tumia hamira kijiko kidogo kizima na maji pungufu kidogo, kanda dakika 10, mpaka ukivuta kipande kinakuwa chembamba bila kuchanika. Saa moja mpaka moja na nusu limeumuka. Hakuna dhambi hapo, ilimradi mikono ni yako na umeamua mwenyewe.

Neno moja, kazi mbili

Kiswahili kina jambo lake hapa. Neno ni lilelile: unakanda unga, na mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto. Kukanda ni kutia nguvu ya mwili wako kwenye kitu ili kikae sawa. Lakini mzazi anakandwa ili mwili wake upumzike. Anayekanda unga, nani anamkanda yeye?

Saa tisa usiku ya leo, kuna mwanamke mahali fulani Tandika au Kisauni ameshaamka. Mbele yake beseni la unga kilo kadhaa, ngumi zinaingia na kutoka, maana saa kumi na mbili wateja wanataka maandazi na chai. Wateja hawajui bega lake linamuuma. Wengi hata jina lake hawalijui, wanamwita mama maandazi. Kama kuna mtu ambaye habari ya unga wa kulala usiku inamhusu, ni yeye kuliko wanaopiga picha za mkate. Akichanganya jioni kwa hamira kidogo, akafunika, huenda akapata saa moja zaidi ya usingizi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu nani alikuwa anakanda? Mtajeni hapa chini, tena kwa jina lake.